Jinsi ya Kuchagua Usemi wa Kiingereza wa Kulalamikia Bahati Mbaya

Mtu anayejifunza Kiingereza hujiwekea mapema akiba ya maneno ya salamu, shukrani na furaha, lakini siku mambo yanapomwendea kombo hujikuta ana semi mbili tatu tu, nazo huzitumia kwa kila jambo: simu iliyoanguka, kazi aliyoikosa, hata msiba wa rafiki. Kamusi haimsaidii sana, kwa sababu “Just my luck”, “Why me?”, “Tough luck”, “That's all I need” na “Wouldn't you know it” zote hufasiriwa kwa maneno yanayokaribiana: bahati mbaya, mkosi, jamani. Aliyezaliwa na lugha hiyo hazichanganyi hata kidogo. Akisikia usemi umetumika isivyo hutambua mara moja, ingawa mara nyingi adabu humzuia kusema.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Mwenzangu mmoja wa masomo, ambaye Kiingereza ndiyo lugha ya mama yake, aliniandikia kwamba ameibiwa kompyuta iliyokuwa na kazi yake ya miaka miwili, na kwamba hakuwa na nakala nyingine. Nilitaka kumpa pole yenye uzito. Nilijua kwamba “luck” ni bahati na kwamba “tough” ni kitu kigumu, nikaona “Tough luck!” ingefaa kwa jambo gumu kama lile, na ili aone jinsi nilivyoguswa nikaongeza alama ya mshangao. Hakujibu kwa siku nne. Alipojibu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimekasirishwa naye, maana alichokisoma katika maneno yangu kilikuwa “shauri yako”.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua usemi wowote wa namna hii hujiuliza kwanza maswali matatu: jambo limempata nani, lina uzito gani, na je, kuna mtu aliyelisababisha. Maswali mengine yote hufuata baada ya hayo, na hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa utaratibu huo.

Hatua ya kwanza: Tambua jambo limempata nani

Semi za kulalamika zina wenyewe. Nyingine ni za aliyepatwa, nyingine ni za anayempa pole, na chache tu hutumika pande zote mbili. “Just my luck”, “Why me?”, “That's all I need” na ule wa Wamarekani, “I can't catch a break”, wenye maana ya kwamba kila ninaloshika haliniendei vizuri, ni za aliyepatwa mwenyewe. Usijaribu kuzigeuza ziwe za mtu wa pili. Ukimwambia mwenzako “Just your luck”, unamwambia kwamba mikosi ni kawaida yake, na hayo ni maneno ya utani kwa rafiki wa karibu sana, si maneno ya kumfariji mtu.

Kwa anayetoa pole, Waingereza wana “Bad luck!” na “Hard luck!”, ambazo huambiwa mtu aliyeshindwa kwa karibu, kama vile aliyekosa penalti au aliyeanguka mtihani wa udereva. Ni pole za mambo madogo, na anayezipokea hutarajiwa kuinua mabega na kusema atajaribu tena. “Tough luck” hutegemea sauti: ikitamkwa taratibu na mtu mnayefahamiana inaweza kuwa pole, lakini ikiandikwa, pasipo sauti wala uso, husomeka kama “shauri yako”. “Tough!” ikisimama peke yake haina maana nyingine ila hiyo. “Too bad” iko katikati. “That's too bad”, ikisemwa kwa upole, ni pole ya kawaida kwa Wamarekani, ilhali “Too bad!” ya mkato humwonyesha mtu kwamba malalamiko yake hayasikilizwi.

Neno linalotuponza zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili, hata hivyo, ni “pole”. Kwetu pole humfaa aliyejikwaa, aliye mgonjwa, aliyetoka safari, aliyechoka na kazi, na aliyefiwa, na anayeitoa hajitwishi kosa lolote. Kiingereza hakina neno moja linaloyabeba yote hayo. Tumezoea kulifasiri kwa “Sorry”, nalo katika masikio ya Mwingereza au Mmarekani huanza kwa kuleta maana ya kuomba radhi, na ndiyo sababu mtu akijikwaa, nawe uliye hatua kumi kutoka kwake ukasema “Sorry!”, anaweza kukutazama kwa mshangao na kukujibu “It's not your fault”. Kwa aliyejikwaa, uliza “Are you all right?” Kwa aliyekupa habari mbaya, sema “I'm sorry to hear that”, kwa kuwa yale maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayoonyesha kwamba unasikitika na huombi msamaha. Aliyechoka na kazi au safari hana usemi maalumu wa kumwambia. Mtu wa lugha hiyo humwambia tu “You must be exhausted”, yaani bila shaka umechoka sana, na hilo linatosha.

Maneno mengine matatu yanahitaji uangalifu katika hatua hii. La kwanza ni “shame”. Kamusi itakuambia kwamba ni aibu, na ni kweli katika “Shame on you”, lakini “What a shame” haina aibu ndani yake hata chembe: ni kusema kwamba jambo linasikitisha. Rafiki akikuambia kwamba sherehe aliyoisubiri imeahirishwa, “What a shame” ni jibu zuri. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini “Shame!” peke yake hutumika kumwonea mtu huruma, matumizi ambayo Mwingereza asiyeyazoea anaweza kuyachukulia kama lawama. La pili ni “pity”. “What a pity” ni sawa na “What a shame”, ila “I pity you”, ambayo wengi huitumia wakitaka kusema “nakuonea huruma”, humweka mwenzako chini yako na mara nyingi husikika kama dharau. Sema “I feel for you”. La tatu ni “loss”. “I'm sorry for your loss” ni maneno ya kumwambia mfiwa. Aliyepoteza simu au pesa haambiwi hivyo, hata kama neno “loss” lina maana ya kupoteza.

Hatua ya pili: Pima uzito wa jambo

Kipimo ninachokitumia ni kimoja: je, baada ya wiki moja jambo hili litasimuliwa kwa kicheko? Kama jibu ni ndiyo, una uhuru wa kutumia semi za kinaya. Kama jibu ni hapana, ziache zote.

“Just my luck” ni ya kundi jepesi. Ukiitazama neno kwa neno inasema “hiyo ndiyo bahati yangu”, bila kutaja ubaya wowote, na nguvu yake imo katika kinaya hicho: msemaji anajifanya kwamba jambo baya lililompata ndilo hasa alilozoea kupata. Basi limeondoka sekunde chache kabla hujafika. Foleni uliyoichagua ndiyo pekee isiyosogea. Umefua nguo na mvua imeanza kunyesha. Kwetu tungesema “bahati yangu nayo!” na sauti ingemaliza kazi iliyobaki. Kuitumia kwa ugonjwa mkubwa au kifo ni kosa, kwa sababu kinaya huliondolea jambo uzito wake, na msikilizaji atashindwa kujua kama unaomboleza au unafanya mzaha.

“Why me?” inaweza kwenda pande zote mbili. Mtu aliyepewa habari za maradhi mazito anaweza kuuliza hivyo kwa dhati kabisa, na anayemsikiliza hatarajiwi kutoa jibu. Mtu huyohuyo anaweza kuuliza hivyo akicheka, mwalimu anapomwita yeye kati ya darasa zima. “Why does this always happen to me?” ni ndefu zaidi na ina hatari yake: lile neno “always” ni la kutia chumvi, na anayelirudiarudia hueleweka kama mtu anayependa kujihurumia. Likitumika mara moja, kwa jambo dogo, halina ubaya.

Hapa nakuonya juu ya tafsiri mbili zinazotujia haraka mdomoni. “Maskini mimi” huwafanya wengi waseme “Poor me”, lakini katika Kiingereza cha leo usemi huo hutumika zaidi kumkejeli mtu anayejihurumia, kwa hiyo ukiusema kwa dhati hutaeleweka ulivyokusudia. “Ole wangu” nayo humpeleka mtu kwenye “Woe is me”, na tafsiri yenyewe ni sahihi: katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Isaya 6:5 ina maneno hayo mahali ambapo Biblia ya Kiswahili ina “Ole wangu”. Tofauti ni kwamba “ole wangu” bado ina uzito wake kwetu, ilhali “Woe is me” imekuwa ya kale kiasi kwamba anayeitamka leo nje ya ibada huonekana anaigiza.

Kwa jambo zito, Kiingereza hurudi kwenye maneno ya wazi. “I'm devastated”, yaani nimeumia sana. “I can't believe this is happening”. “I don't know what to do”. Hazina nahau wala mapambo, nazo ndizo wasemaji wenyewe huzitumia wanapokuwa na maumivu ya kweli. Wanafunzi wengi huziona nyepesi na kutafuta methali, na mimi nawasihi wasifanye hivyo.

Hatua ya tatu: Chunguza kama kuna mkosaji

Bahati mbaya ni ile isiyo na mtu wa kulaumiwa. Ukilalamikia bahati ilhali kosa ni lako, msikilizaji atahisi unakwepa, kwa hiyo kabla ya kusema “Just my luck” jiulize kama ulikuwa na uwezo wa kulizuia jambo hilo. Kama ulikuwa nao, usemi unaofaa ni “Serves me right”, ambao ni sawa na kukiri kwamba nimeyataka mwenyewe. Methali yetu isemayo “msiba wa kujitakia hauna kilio” inakaa hapo hapo. Mwingine ni “I should have known better”, mpole zaidi, unaofaa hata kazini. Angalia tu usiugeuze ule wa kwanza: “Serves you right” ni kumsimanga aliyeumia, na hata akiwa amekosa kweli, hausemwi kwa mtu usiyetaka kugombana naye.

Kama kosa ni la mwingine, jihadhari na “Typical!” Kwa Waingereza hasa, neno hili moja hutamkwa kwa kuchoka, likiwa na maana ya “ndivyo ilivyo siku zote”. Ukilisema juu ya hali ya hewa au treni iliyochelewa, hakuna anayeumia. Ukilisema mwenzako anapochelewa kikaoni, umemwambia mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo tabia yake. Vilevile “For goodness' sake” na “For crying out loud” si vilio vya huzuni, licha ya neno “crying” kumdanganya mwanafunzi. Ni maneno ya mtu aliyeishiwa subira, na yakielekezwa kwa mtu huwa karipio. “Give me a break” nayo ni ya kundi hili: humaanisha “acha hizo” au “hebu niache”, wala haina uhusiano na “I can't catch a break” ya hatua ya kwanza, ingawa neno kuu ni lilelile.

Hatua ya nne: Tazama kama jambo limekuja peke yake

“That's all I need” ni usemi unaowachanganya wengi kwa sababu maneno yake ni ya mtu aliyeridhika: hicho tu ndicho ninachohitaji. Muuza duka akikuuliza kama unataka kitu kingine, unaweza kumjibu hivyo kwa maana hiyohiyo. Lakini mtu ambaye amechelewa, ana kazi ya kukabidhi saa hiyo, na kompyuta inamzimikia mkononi, akisema “That's all I need!” anasema kinyume, na Kiswahili kina usemi unaofanana nao kabisa: “hilo tu ndilo lililokuwa limebaki!” Kumbuka sharti lililomo ndani yake, nalo ni kwamba matatizo mengine yalikuwa yameshatangulia. Mtu ambaye siku yake ilikuwa nzuri tangu asubuhi hana sababu ya kusema hivyo kwa jambo la kwanza kuharibika. Na kwa kuwa kinaya hutegemea kiimbo, katika maandishi ni salama zaidi kutumia “That's the last thing I need”, ambayo inasema wazi kwamba hicho ndicho kitu nisichokihitaji kabisa, na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Mambo yakizidi kurundikana hadi subira ikaisha, usemi ni “That's the last straw”, wenye asili katika picha ya ngamia aliyebebeshwa mzigo hadi unyasi mmoja wa mwisho ukamvunja mgongo. Huu si wa kulalamika tu. Anayeusema anatangaza kwamba sasa atachukua hatua: ataacha kazi, atahama, atamwambia mtu ukweli. Usipokuwa na nia hiyo, usiuseme.

Methali ya mambo yanayokuja kwa pamoja ni “It never rains but it pours”, na sarufi yake inahitaji maelezo, kwa sababu “but” humo si “lakini”. Ni “but” ya zamani yenye maana ya “bila”: hainyeshi kamwe bila kumwagika. Wamarekani wengi husema “When it rains, it pours”, umbo lililoenezwa sana na kampuni ya chumvi ya Morton, ya Chicago, iliyolitumia kama kauli ya kutangaza biashara kuanzia mwaka 1914 ili kuonyesha kwamba chumvi yake humiminika hata hewa ikiwa na unyevunyevu. Chagua umbo moja kati ya hayo mawili na ulishike. Kuchanganya nusu ya moja na nusu ya jingine ni kosa ninaloliona mara kwa mara.

Usemi wa mwisho katika hatua hii ni “to add insult to injury”. Wengi huutumia kwa tatizo lolote la pili, lakini maana yake ni finyu zaidi: jambo la pili liwe na dhihaka au fedheha juu ya maumivu ya kwanza. Wazo lenyewe limo katika hekaya ya Phaedrus, mtunzi wa Kirumi, ya mwenye upara aliyeumwa na nzi. Alitaka kumpiga nzi, akajipiga kichwani mwenyewe, na nzi akamcheka: kuumwa kulikuwa jeraha, na kofi la mkono wake likawa fedheha juu ya jeraha. Basi kama umefukuzwa kazi kisha ukaombwa umfundishe atakayechukua nafasi yako, usemi huu ni mahali pake. Kama umefukuzwa kazi kisha ukapata mafua, sema tu “to make matters worse”, yaani mambo yakazidi kuharibika.

Hatua ya tano: Angalia kinachouma ni jambo lenyewe au wakati wake

Kuna mambo ambayo yangekuwa madogo kama yangetokea siku nyingine. Hapo ndipo “of all days” inapoingia: “My alarm didn't go off this morning, of all mornings.” Msemaji anamaanisha kwamba asubuhi zote zilikuwepo, saa ikachagua kunyamaza asubuhi hii. Kanuni ni rahisi: baada ya “of all” nomino huwa ya wingi, kwa hiyo ni “of all days”, “of all places”, “of all people”. Ukiongeza “the” unapata muundo mwingine wa mshangao, kama “Of all the rotten luck!”, yaani mkosi gani huu.

“Wouldn't you know it” ni jirani yake, ila huongeza hisia ya kwamba msemaji alishalitarajia: “nilijua tu!” Huwekwa kabla ya habari yenyewe. “I finally found a parking space and, wouldn't you know it, it was reserved.” Ingawa ina umbo la swali, haijibiwi.

Na pale ambapo kila kinachoweza kuharibika kimeharibika, na kwa wakati mbaya kuliko wowote, Waingereza na Wamarekani hutaja “Murphy's law”, kanuni isemayo kwamba lolote linaloweza kwenda kombo litakwenda kombo. Jina hilo huhusishwa na Edward Murphy, mhandisi aliyeshiriki majaribio ya mwendo kasi katika kambi ya jeshi la anga ambayo sasa huitwa Edwards, huko California, mwaka 1949. Uingereza jambo hilohilo huitwa pia “Sod's law”, lakini “sod” ni neno lenye ukali kidogo, nami singeliandika katika barua ya kazi. Sisi tuna methali inayokaa hapo bila kusukumwa, siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na mwanafunzi akiikumbuka hiyo atajua papo hapo ni wakati gani wa kuitaja hiyo kanuni.

Sasa chukua tukio moja ulipitishe katika hatua zote tano: simu yako imeanguka na kioo kimepasuka. Kama umepigwa kikumbo katika msongamano wa watu na simu imekuponyoka, sema “Just my luck”. Kama uliiweka ukingoni mwa meza ukijua si mahali pake, sema “Serves me right”. Kama asubuhi hiyo ulikuwa umeshapoteza funguo na kukosa basi, sema “That's all I need”. Kama ulikuwa unasubiri kupigiwa simu ya usaili wa kazi, sema “Today, of all days!” Kama umeinunua jana na leo ndiyo mara ya kwanza kuitoa nje, “Wouldn't you know it” ndiyo inayokaa vizuri zaidi. Na kama iliyopasuka ni ya rafiki yako, hakuna hata mmoja kati ya semi hizo unaofaa. Mwambie “Oh no, what a shame”. Kioo ni kilekile kimoja.

Hatua ya sita: Weka “luck” mahali pake katika sentensi

“Just my luck” hufuatwa na kitenzi chenye “to” au kishazi chenye “that”: “Just my luck to get the broken chair”, “It's just my luck that the lift isn't working”. Ukiongeza “bad” katikati unabaki na taarifa kavu na unapoteza kinaya. Kwa jambo ambalo bado halijatokea, tumia “Knowing my luck” au “With my luck” mwanzoni: “Knowing my luck, it'll rain on Saturday”, yaani kwa bahati yangu ninavyoijua, mvua itanyesha Jumamosi.

“Worse luck” haimaanishi bahati mbaya zaidi. Ni ya Waingereza, hukaa mwishoni baada ya mkato, na humaanisha “kwa bahati mbaya” tu: “I have to work tomorrow, worse luck.” “No such luck” ni jibu la tumaini lililoshindikana, mtu akikuuliza kama mkutano umefutwa, nawe ulitamani ufutwe, unamjibu hivyo. “Down on my luck” ni hali ya muda mrefu ya kuishiwa, si tukio la siku moja. Na “hard-luck story” si kisa cha kusikitisha tu: ni kisa ambacho mtu husimulia ili aonewe huruma au apewe kitu, kwa hiyo usiite hivyo habari ya mtu unayemheshimu.

Hatua ya saba: Fikiria ni nani anayekusoma

Katika barua ya kazi au ya ofisi, semi zote zilizotajwa hadi sasa, isipokuwa “I'm sorry to hear that”, “to make matters worse” na “I should have known better”, ziwekwe kando. Neno la kazi hiyo ni “unfortunately”, mwanzoni mwa sentensi na mkato baada yake: “Unfortunately, my flight has been cancelled, and I will not be able to attend Monday's meeting.” Hakuna kinaya wala hasira, na sababu imetajwa mara moja. “Regrettably” ni rasmi zaidi na hufaa taasisi kuliko mtu binafsi.

Kuhusu maneno ya ukali nitasema machache. “Damn” na “bloody” husikika sana katika filamu na huonekana mepesi kwa asiyekua nayo, lakini uzito wake hubadilika kwa umri, dini na mahali, na mgeni wa lugha hana njia ya kuupima papo hapo. “Darn” na “shoot” ni tafsida za Kimarekani za maneno makali ya namna hiyo na hazimuudhi karibu mtu yeyote. “Oh no” inatosha kwa mengi kuliko tunavyodhani.

Hatua ya nane: Ukikosea, rekebisha palepale

Hata ukizifuata hatua zote, ipo siku usemi utakuponyoka usivyotaka, na utaona uso wa mwenzako ukibadilika au jibu lake likifupika ghafla. Usinyamaze ukitumaini kwamba litapita, na usianze kueleza kamusi ilisema nini. Sema “I'm sorry, that came out wrong”, yaani samahani, sikukusudia hivyo, kisha utoe pole uliyoikusudia kwa maneno ya wazi: “What I meant is that I'm really sorry this happened to you.” Mimi nilimwandikia yule mwenzangu maneno ya namna hiyo siku ileile aliponiuliza, nikamwomba anieleze ni sehemu gani za kazi yake alizokuwa amewahi kunitumia kwa barua pepe, na jioni hiyo tulikaa kila mmoja mbele ya kompyuta yake tukazitafuta moja moja.